Tovuti inakufa kila jioni, hosti wanasema tatizo ni langu. Wakuu, mnahosti wapi?

#1 Mwana wa Karatu
Habari wakuu.
Nina kampuni ndogo ya utalii, ofisi iko Karatu. Wageni wetu wengi ni Wajerumani na Wamarekani. Wanatupata kupitia tovuti, wanajaza fomu, tunawajibu kwa imeili, safari inaanzia hapo. Tovuti ni WordPress, ina picha nyingi za Ngorongoro, Tarangire na Ziwa Eyasi. Tumehosti (tumeweka tovuti kwenye seva, yaani kompyuta za kuhifadhia tovuti) kwa kampuni moja ya hapa nchini (jina silitaji, uzi usije ukafutwa), kifurushi wanachokiita "bila kikomo", tunalipa kwa mwaka.
Shida ilianza Juni. Kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka kama saa nne usiku tovuti inakufa. Mara inatoka karatasi nyeupe imeandikwa 508, mara inazunguka tu mpaka unakata tamaa. Asubuhi inafunguka kama hakuna kilichotokea. Ukiwapigia, jibu ni lilelile: "Kwetu inafunguka mkuu, hebu futa kashe (nakala za kurasa zilizohifadhiwa)."
Nihamie nje ya nchi? Na kabla hujatoa hela yako, unajuaje kuwa hosti fulani ni wa kuaminika? Nawasilisha.

#2 Njiti Moja
Namba mbili leo, sijawahi kuiwahi. Ngoja waje wenye fani yao.

#3 Mzee wa Kaloleni
Mkuu hama, usipoteze muda. Hosti za bongo ni madalali, wananunua jumla nje wanakuuzia rejareja. Nenda kampuni kubwa ya Marekani, wanakupa dhamana ya asilimia 99.9. Hiyo ni dakika chache tu kwa mwaka mzima tovuti kutokuwa hewani.

#4 Binti Terminal
Mzee wa Kaloleni, piga hesabu vizuri. Mwaka una saa 8,760. Asilimia 0.1 yake ni saa 8 na dakika 45. Kwa mwezi ni kama dakika 43. Dakika chache unazozisema wewe ni za 99.99, nazo ni kama 53 kwa mwaka.
Halafu soma masharti ya hiyo dhamana. Matengenezo yaliyopangwa huwa hayahesabiwi. Wanachopima mara nyingi ni seva na mtandao wao, sio tovuti yako. Wakishindwa, fidia ni kupunguziwa kidogo kwenye ankara ijayo. Mgeni aliyeondoka na safari ya siku sita hakuna anayekulipa.
Mwana wa Karatu, hiyo 508 ina maana yake. Hosti wengi wa seva za kushirikiana (seva moja, wateja wengi) wanatumia programu ya CloudLinux, ambayo inamgawia kila mteja kipande chake cha CPU (nguvu ya kuchakata), RAM (kumbukumbu ya muda) na idadi ya maombi yanayoweza kushughulikiwa kwa wakati mmoja. Ukijaza kipande chako, wenzako wanaendelea, wewe unapewa 508. Kwa hiyo "bila kikomo" yao ni ya nafasi ya diski tu, na hata hapo nenda kaangalie kikomo cha idadi ya faili. Ingia cPanel (paneli ya kusimamia akaunti yako ya hosti), tafuta ukurasa wa matumizi ya rasilimali, tuwekee chati ya jioni.

#5 Chuma Ulete
Uzi bila picha hautembei. Weka chati mkuu.

#6 Fundi Waya
Binti Terminal yuko sahihi kuhusu 508, ila msiwasafishe hosti mapema hivyo. Amesema pia kuna wakati inazunguka tu bila 508. Hiyo ni hadithi nyingine. Seva ikijazwa wateja kupita uwezo, kila mtu anakuwa ndani ya kipande chake lakini diski yenyewe imezidiwa, databesi zinapanga foleni. Ni daladala ya Mbagala saa moja asubuhi: nauli umelipa, kiti hakuna. Jioni watu wako majumbani, kila tovuti ya seva ile inatembelewa.

#7 Mtu wa Pwani
Fundi Waya, wageni wake hawako Tanzania. Saa kumi na mbili jioni ya Karatu ni saa kumi na moja jioni Ujerumani kipindi hiki cha kiangazi chao, na New York ni saa tano asubuhi. Mjerumani ndio anatoka kazini, Mmarekani wa pwani ya mashariki yuko ofisini anapanga likizo kwa kificho. Saa alizozitaja ndizo saa zake za biashara. Tovuti inazidiwa na wateja wake mwenyewe, ashukuru Mungu, anunue kifurushi kikubwa.

#8 Dada Koko
Au sio wateja kabisa. Mimi nina duka la vitenge mtandaoni, nikafungua kumbukumbu za seva nikidhani nimekuwa maarufu. Kumbe ni boti, yaani programu zinazozurura mtandaoni zenyewe. Wengine wanagonga wp-login.php kubahatisha pasiwedi, wengine xmlrpc.php (mlango wa programu za nje kuingia WordPress), wengine ni hawa wanaokusanya maandishi kwa ajili ya akili bandia, wanafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine bila kupumua. Wanaonunua walikuwa wachache tu. Angalia kumbukumbu kabla ya kununua kifurushi kikubwa, usije ukalipia chakula cha wezi.

#9 Mwana wa Karatu
Asanteni wakuu. Picha inagoma kupanda, naandika nilichoona. Jana kuanzia saa kumi na mbili na nusu mstari wa maombi ya wakati mmoja umegota 20 kati ya 20. CPU inapanda na kushuka. RAM imefika nusu tu. Saa tatu kasoro tovuti haikufunguka kabisa, lakini mstari pale uko chini, kama 4.
Dada Koko, nimefungua kumbukumbu. xmlrpc.php imejaa ukurasa mzima, anwani tofauti tofauti.

#10 Chuma Ulete
Hapo kila mtu ameshinda 😂 Fundi Waya chukua saa tatu kasoro, Dada Koko chukua saa kumi na mbili na nusu.

#11 Binti Terminal
Zima xmlrpc kama hamtumii programu ya simu ya WordPress wala plagini ya Jetpack. Weka plagini ya kashe ili ukurasa wa Tarangire usitengenezwe upya kila mtu anapoufungua. Picha zipunguze, nimeona tovuti za safari zina picha moja ya tembo ya megabaiti 8, imetoka kwenye kamera ikapandishwa hivyohivyo. Ukishafanya hayo, kitakachobaki ndio tumuulize hosti.

#12 Wa Kilimani
Mambo wadau, nawasoma kutoka Nairobi. Huyu ndugu ameuliza jinsi ya kumjua hosti wa kuaminika, na hakuna aliyemjibu. Nianze na asichopaswa kukiamini: zile orodha za "hosti kumi bora". Mwandishi analipwa kamisheni kwa kila mtu anayebonyeza na kununua, na aliye juu mara nyingi ndiye anayelipa vizuri zaidi. Pia majina kumi sio kampuni kumi. Bluehost, HostGator, HostMonster na JustHost zote zilikuwa chini ya Endurance International. Tarehe 2 Agosti 2013 kituo chao cha Provo, Utah, kilipata hitilafu na majina yote manne yakayumba siku moja. Mtu aliyekuwa na tovuti kwa mmoja na bakapu (nakala ya akiba) kwa mwingine alijiona mjanja, kumbe wapi. Tangu 2021 kampuni inaitwa Newfold Digital.

#13 Mzee wa Kaloleni
Kampuni kubwa hata ikiyumba inasimama. Za hapa zikiyumba unakuta namba ya simu haipatikani na ofisi imekuwa saluni.

#14 Mtu wa Pwani
Kubwa nazo zinaungua mzee. OVH ya Ujerumani si iliteketea 2020?

#15 Wa Kilimani
Sio Ujerumani na sio 2020. OVH ni Wafaransa, moto ulikuwa Strasbourg usiku wa tarehe 10 Machi 2021. Jengo la SBG2, ghorofa tano, liliisha, na SBG1 likaungua sehemu. Wapo walioamka hawana tovuti wala bakapu, kwa sababu bakapu nazo zilikuwa palepale. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa hosti yeyote: bakapu mnaiweka jengo gani, na mnaitunza siku ngapi? Akibabaika, funga mazungumzo. Na hata akijibu vizuri, wewe pakua yako, irudishe kwenye kompyuta yako uone kama inafunguka. Bakapu ambayo haijawahi kurudishwa sio ya kujivunia.

#16 Fundi Waya
Naongezea jaribio langu. Kabla ya kulipa, watumie sapoti swali la kiufundi saa tisa usiku, Jumamosi. Sio "bei gani", hilo watalijibu hata wakiwa msibani. Uliza: "Kifurushi hiki kina kikomo gani cha maombi ya wakati mmoja na cha idadi ya faili?" Pima wamechukua muda gani, na jibu limetoka kwa mtu au limenakiliwa.
Pia chukua mwezi mmoja kwanza. Wanaokubembeleza ulipe miaka mitatu kwa punguzo, fungua bei ya kuhuisha uone. Mwaka wa kwanza unaingia kwa bei ya karanga, wa pili unalia.

#17 Njiti Moja
Mimi nilidhani kuhosti ni kulipia tu. Kumbe ni kama kuposa.

#18 Dada Koko
Njiti Moja na posa ina afadhali, wazee wanakaa pamoja.
Kuna kitu hamjakigusa. Kikoa, yaani jina la tovuti. Aliyenitengenezea tovuti ya kwanza alinisajilia .co.tz "ndani ya kifurushi". Tulipokosana kuhusu malipo ndipo nikaangalia whois (daftari la wenye vikoa na anwani za mtandao): mwenye kikoa ni yeye, imeili ni yake, namba ni yake. Vitenge vyangu, jina la duka langu, mali ya mtu mwingine. Ilibidi nimlipe ili aniachie. Kwa hiyo Mwana wa Karatu, kabla hujawaza kuhama, hakikisha kikoa kiko kwa jina lako na unaweza kuingia kwenye akaunti ya msajili. La sivyo unahama nyumba, funguo anazo mwingine.

#19 Mwana wa Karatu
Dada Koko umenitia baridi. Cha kwetu ni .com na kiko kwa hosti hawahawa. Nimeangalia whois, jina limefichwa.

#20 Binti Terminal
Kufichwa kwa .com ni kawaida siku hizi, usipaniki. Waombe msimbo wa kuhamisha. Wakikupa bila hadithi ndefu, uko salama. Ukitaka kukitoa, kihamishie kwa msajili tofauti na hosti, siku mmoja akikuzingua usishikwe mikono yote miwili. Kumbuka .com ikisajiliwa au ikihamishwa, kwa kawaida inafungwa siku 60 kabla ya kuhama tena. Za .tz zina utaratibu wake, usajili wake uko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na unapitia kwa wasajili wanaotambulika.

#21 Mtu wa Pwani
Turudi kwenye ndani au nje. Mimi naendesha tovuti ya matokeo na matangazo ya shule, wasomaji wote wako hapa. Seva iko Dar. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, nchi nzima ilikuwa inalia, mimi wazazi walikuwa wanasoma kama kawaida kwa sababu mitandao ya hapa inabadilishana data hapahapa TIX, kituo cha kuunganisha mitandao ya Tanzania. Anayehudumia Watanzania akahosti Texas namshangaa.

#22 Fundi Waya
Ya kwako ilifunguka, mkuu, ila nakumbuka siku ile nilijaribu tovuti kadhaa za humu nchini. Maandishi yanakuja, halafu ukurasa unaganda unasubiri fonti za Google na ramani. Seva iko Dar, nusu ya ukurasa iko ng'ambo. Ukitaka faida ya kuhosti nyumbani, na hivyo vidude vilete nyumbani.
Na kwa huyu wa Karatu ni kinyume kabisa. Wateja wake wako upande wa pili wa waya. Akihosti Dar, kila picha inavuka bahari kumfuata Mjerumani.

#23 Mpemba wa Paje
Assalaam aleykum. Mie nina nyumba ya wageni huku Paje, tovuti iko Ujerumani. Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa nchini, wageni walikuwa wakibuku kama kawaida. Mie ndiye nilokuwa sioni kitu. Iliporudi nikakuta chumba kimoja kishachukuliwa na watu wawili tofauti, tarehe zilezile.

#24 Chuma Ulete
Sheikh, uliwalaza wapi? Usituache njiani.

#25 Mpemba wa Paje
Mmoja nilimpeleka kwa jirani, nikamlipia na chakula cha usiku. Wote wameniandikia vizuri.

#26 Mzee wa Kaloleni
Mnaona? Nje. Nilisema tangu namba 3.

#27 Wa Kilimani
Mzee, "nje" ni kubwa. Kuna Ulaya, kuna Marekani, kuna Afrika Kusini: Azure ya Microsoft wako kule tangu 2019, AWS ya Amazon wana Cape Town tangu 2020, Google wamefungua Johannesburg 2024. Na hao nao si malaika. Tarehe 20 Oktoba 2025 kanda ya AWS ya Virginia ilipata tatizo la DNS (mfumo unaobadilisha jina la tovuti kuwa anwani ya seva), nusu ya programu za simu yangu zikagoma, za benki zikiwemo.
Halafu kuna malipo. Hosti wa hapa namlipa kwa M-Pesa dakika moja. Wa nje anataka kadi, na kadi ikikataa siku ya kuhuisha, unapata imeili tatu za onyo. Hizo zinaenda kwenye imeili uliyohosti kwake yeye mwenyewe. Ukizimwa, hata onyo huoni.

#28 Dada Koko
Hiyo ya mwisho imenichoma. Naenda kubadilisha imeili ya akaunti sasa hivi.

#29 Karani Mstaafu
Vijana, mmesahau sheria. Kampuni ya utalii inakusanya namba za pasipoti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na inakataza kuweka taarifa za watu nje ya nchi.

#30 Binti Terminal
Shikamoo mzee. Haikatazi, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa nje, na anayekusanya anatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tofauti ni kubwa. Na kwa kuwa anawauzia Wajerumani, sheria ya Ulaya nayo inaweza kumhusu. Ila nakuunga mkono kwenye kiini: nakala za pasipoti hazina sababu ya kukaa kwenye folda ya WordPress. Zichukue, zitumie, zifute.

#31 Karani Mstaafu
Marahaba. Nimesahihishwa.

#32 Mwana wa Karatu
Mrejesho. xmlrpc nimezima, kashe nimeweka, picha kijana wangu amezipunguza zote, ya tembo ilikuwa kweli ya megabaiti 7 na ushee. 508 siku hizi siioni. Maombi ya wakati mmoja hayavuki 9.
Lakini kuzunguka kumebaki. Jana saa mbili na nusu usiku, kama robo saa nzima. Na kuna jingine: mgeni wa Hamburg anasema majibu yetu yote anayakuta kwenye taka.

#33 Dada Koko
508 ilikuwa ya boti. Naomba soda yangu.

#34 Mtu wa Pwani
Au ilikuwa ya tembo. Soda subiri.

#35 Fundi Waya
Na robo saa iliyobaki ni ya hosti kujaza seva. Mimi nachukua ya baridi.
Kuhusu taka: kwenye seva ya kushirikiana mnatuma barua kwa anwani moja ya IP. Jirani akituma matangazo ya kamari, mnachafuka wote. Angalia IP yenu kwenye orodha nyeusi. Kisha angalia SPF na DKIM za kikoa, rekodi zinazothibitisha kuwa barua imetoka kwenu kweli. Google na Yahoo wamebana tangu Februari 2024.

#36 Wa Kilimani
Kubana kule si kwa wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku?

#37 Fundi Waya
Wa 5,000 wanatakiwa SPF, DKIM na DMARC (rekodi inayosema barua isiyothibitishwa ifanyweje) zote. Mtumaji mdogo naye lazima awe na angalau SPF au DKIM. Mimi ningetenganisha: tovuti kwa hosti, imeili kwa kampuni ya imeili. Tovuti ikifa, angalau unajibu barua.

#38 Binti Terminal
Mwana wa Karatu, fanya kitu kimoja. Chukua IP ya seva, ipige pingi (upime milisekunde za kwenda na kurudi, zikiwa nyingi seva iko mbali) ukiwa Arusha au Dar, kisha iangalie whois uone ni ya AFRINIC (wagawaji wa anwani za IP Afrika) au ya RIPE (wa Ulaya).

#39 Mwana wa Karatu
Pingi inarudi 160 mpaka 170. Whois inasema RIPE, Ufini. Kwenye mkataba na kwenye tangazo lao imeandikwa "seva zetu ziko Dar es Salaam".

#40 Mzee wa Kaloleni
MADALALI. Namba 3.

#41 Mtu wa Pwani
Kwa hiyo tangu mwanzo umekuwa nje, mzee wetu anakushauri uhamie ulipo 😂

#42 Wa Kilimani
Udalali wenyewe sio dhambi, wapo wazuri wanaosema wazi na sapoti yao iko juu. cPanel ilipobadilisha bei 2019, ikaanza kutoza kwa idadi ya akaunti badala ya seva, wadogo wengi walibanwa. Kudanganya seva iko wapi ndio tatizo. Anayedanganya hilo, bakapu atasema kweli?

#43 Fundi Waya
Hama. Lakini kwa utaratibu: shusha TTL ya DNS iwe 300 siku moja kabla, nakili faili na databesi kwa hosti mpya, ijaribu kwa faili ya hosts kwenye kompyuta yako (inaelekeza kompyuta hiyo pekee kwenye seva mpya), ndipo ubadilishe. Akaunti ya zamani usiifute mpaka imeili zote zionekane zinaingia upande mpya.

#44 Mpemba wa Paje
Msimu huu? Mie ningengoja Novemba wageni wapungue. Ukikosea Agosti, umekosea mwaka.

#45 Fundi Waya
Mpaka Novemba anapoteza robo saa kila jioni, saa zilezile Mjerumani anapoketi na kompyuta.

#46 Njiti Moja
Samahani wakuu, TTL ndio nini?